Mama hana kitambulisho? Mfikishe kliniki hivi

Wenzangu tunaozunguka majumbani kwa kazi ya afya ya jamii hapa Likoni, neno "kitambulisho" lisiwatoke mlangoni. Mpemba au Mmakonde akilisikia anaona askari, na kesho utabisha hodi mpaka uchoke. Wazee wa Kimakonde walikuja Kwale kutoka Msumbiji kukata mkonge na miwa tangu miaka ya 1930, wajukuu wakazaliwa papa hapa, na Serikali ikawatambua kuwa raia 2016 baada ya kufunga safari ya miguu kuelekea Nairobi. Wapemba walingoja hadi 2023. Woga wa miaka yote hiyo hauishi kwa kupewa kadi.

Anza na mtoto. "Dadangu, mwana ana wiki ngapi?" Tazama mkono wa kushoto wa mtoto kama pana kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Lisipokuwepo, uliza kwa upole alizaliwa wapi. Huenda ni nyumbani. Chanjo hospitali za umma ni bure: pentavalenti (ya magonjwa matano) wiki ya 6, 10 na 14, surua miezi 9 na 18.

Wake wa wavuvi ndio hutupotea. Kaskazi ikiingia bahari hutulia, mume akaenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, na mke akamfuata, chanjo ikakatikia njiani. Kijitabu cha mama na mtoto kitiwe kwenye mfuko wa nailoni, kisafiri naye. Kituo cha huko kitaendelea pale kingine kilipoishia.

Msomali au Moromo asiyejua Kiswahili mtafutie mama wa kwao amtafsirie. Mume asitafsiri, yako mambo mke hayasemi mbele yake.

Mjamzito mpeleke mwenyewe mara ya kwanza, mkae naye benchini. Karani akianza maneno yake ya "hawa wakuja", usijibizane naye, mwite muuguzi kando. (Makarani wenyewe, wengine babu zao walikuja juzi tu, lakini hayo nyamaza.)

Akijifungua, asitoke wodini bila karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Aliyezaa nyumbani aende kwa naibu chifu. Bila karatasi hiyo cheti ni shida, na bila cheti binti atafika miaka 18 akihangaika kama mamake.

Palipo pagumu ni SHA, bima ya afya ya Serikali. Tangu ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, asiye na kitambulisho hukwama kwenye usajili, na bili ya upasuaji haimngoji. Kwa hivyo safari ya kwa chifu kuomba kitambulisho, pamoja na mzee wa mtaa, ianze mimba ikiwa changa.