Koti la Mvua la Kupandia Kilimanjaro Wakati wa Kiangazi: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Anayepanga kupanda Kilimanjaro kati ya Juni na Oktoba huambiwa kwamba masika imeisha, vuli bado, hivyo asiwe na wasiwasi na mvua. Ushauri huo ni nusu tu ya ukweli. Miezi hiyo upepo wa kusi huleta unyevu kutoka Bahari ya Hindi, nao hupanda kwenye miteremko ya kusini ya mlima na kugeuka ukungu na manyunyu, wakati mwingine mvua ya kweli. Msitu uko hukohuko, takriban kati ya mita 1,800 na 2,800. Kwa hiyo anayepita njia ya Machame, Umbwe au Marangu anaweza kulowa siku ya kwanza kabisa, katikati ya Julai, huku Moshi mjini vumbi linatimka. Njia ya Rongai, upande wa kaskazini, ni kavu zaidi, lakini koti huachi nyumbani hata huko.

Siku hiyo ya kwanza ndiyo ningependa uifikirie unapochagua koti, kwa sababu mvua ya msituni inakukuta ukiwa na joto. Unapanda mlima, mgongo umebanwa na begi, jasho linatoka, na hewa yenyewe imejaa maji. Hapo ndipo makoti mengi yanaposhindwa, hata yale ya bei kubwa. Lebo nyingi huandika tarakimu mbili. Moja, kwa milimita, inaonyesha kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kukihimili kabla ya kuvuja. Nyingine, kwa gramu, inaonyesha mvuke unaoweza kupita kwenye mita moja ya mraba kwa saa 24. Kwa safari ya kiangazi milimita 10,000 zinatosha, ingawa mabegani, panapokandamizwa na mikanda ya begi, 20,000 ni salama zaidi. Ile tarakimu ya gramu usiiamini sana. Mvuke hutoka ndani ya koti pale tu hewa ya nje inapokuwa kavu kuliko ya ndani, na kwenye ukungu wa msituni tofauti hiyo hupungua sana. Kinachosaidia kweli ni matundu: zipu za kwapani, zipu ya mbele inayofunguka kutoka chini pia, mikono unayoweza kuilegeza. Kati ya koti lenye tarakimu kubwa lisilo na zipu za kwapani na la wastani lenye nazo, chukua la pili.

Uzito nao una hesabu yake mlimani. Mpagazi hubeba begi lako kubwa na hutangulia mbele. Mvua ikianza, yuko mbali na wewe. Koti, suruali ya mvua na glovu za kuzuia maji lazima ziwe kwenye begi dogo ulilobeba mwenyewe, juu kabisa, si chini ya chupa za maji. Ndiyo maana wepesi una maana. Koti la gramu 250 hadi 350 ni kipimo kizuri. Yapo mepesi zaidi, chini ya gramu 200, lakini kitambaa chake ni chembamba na mikanda ya begi hukila haraka. Kwa siku sita au saba za mfululizo, gramu 100 za ziada ni gharama ndogo.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni ukubwa. Juu ya mita 4,500 kinachoanguka mara nyingi ni theluji, na usiku wa kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, lile koti la mvua linakuwa ngao ya upepo, linavaliwa juu ya nguo nyingine zote. Likikubana ukiwa umevaa fulana tu, usiku huo halitakufaa. Lijaribu dukani ukiwa na sweta na koti zito la baridi ndani, kisha inua mikono: kiuno kisifunuke. Kofia yake ipite juu ya kofia ya sufu na taa ya kichwani, na ukigeuza shingo igeuke nawe.

Suruali ya mvua iwe na zipu ndefu pembeni ili uivae bila kuvua viatu, maana kuvua viatu kwenye tope ni adhabu. Poncho, lile vazi la mvua pana lisilo na mikono, ni nyepesi, inafunika na begi, na inapitisha hewa vizuri msituni. Tatizo linaanza palipo na upepo, na zaidi kwenye Ukuta wa Barranco, genge la mawe kwenye njia za Machame na Umbwe, ambako unapanda kwa kushika mawe na poncho inakuficha miguu yako mwenyewe. Ukiipenda, ibebe kwa ajili ya msitu, ila isiwe badala ya koti. Jinzi na fulana za pamba ziache Moshi. Pamba ikilowa haikauki kwenye baridi ya kambini, nayo hupokonya mwili joto.

Wengi wetu hununua mitumba, Memorial pale Moshi, Karume Dar es Salaam au Gikomba Nairobi, na koti zuri linapatikana huko ukijua pa kutazama. Ligeuze ndani nje. Mishono yote iwe imefunikwa kwa utepe mwembamba. Utepe ukiwa umeachia, maji yatapita hapohapo. Pitisha kiganja kwenye kitambaa: ukihisi unata, au ukiona magamba meupe yanabanduka, tabaka linalozuia maji limeoza na hakuna dawa ya kulirudisha. Joto na unyevu wa pwani huharakisha uozo huo, kwa hiyo ukiishi Dar au Mombasa usilifungie koti lako kwenye mfuko kabatini. Litundike penye hewa. Kisha weka mdomo kwenye kitambaa na upulize kwa nguvu. Hewa ikipita kirahisi, hilo ni koti la upepo, si la mvua, hata kama muuzaji ataapa.

Kuna kasoro nyingine isiyo kasoro. Maji yakitua juu ya koti na kusambaa badala ya kuviringika matone, dawa ya kufukuza maji iliyo juu ya kitambaa imechoka, lakini tabaka la ndani linaweza kuwa zima. Lifue kwa sabuni laini bila kilainishi, lisuuze sana, likauke, kisha, kama lebo inaruhusu, lipige pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa kingine. Mara nyingi matone yanarudi. Yasiporudi, nunua dawa hiyo ya kufukuza maji, ya kupulizia. Baada ya hapo simama nalo chini ya bomba la bafuni kwa dakika kumi, nyumbani, muda ungalipo wa kubadilisha.

Nguo za kulalia na begi la kulalia zifunge ndani ya mfuko usioingiza maji, kwa sababu kifuniko cha begi peke yake hakizuii mvua ndefu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, basi tafuta ile ya kitambaa kisichopitisha maji inayokunjwa mdomo.

Mwisho, kabla hujalipa, iulize kampuni wapagazi wako watavaa nini mvua ikinyesha. Wanapita msitu uleule, na mzigo unaoweza kufika kilo 20. Shirika la kusaidia wapagazi la KPAP (Kilimanjaro Porters Assistance Project), la Moshi, huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo, kwa hiyo jibu la kwamba hazipatikani usilikubali.