Kabla ya kununua Moscato, geuza chupa

Ukiona jina Moscato au Muscat kwenye rafu za supamaketi hapa Nairobi, usidhani ni mvinyo mmoja. Muscat ni ukoo mzima wa zabibu, na mivinyo yake haifanani tabia. Kinachoiunganisha ni harufu: ukifungua tu, unakutana na zabibu mbivu na maua ya mchungwa.

Kwa hiyo geuza chupa, utafute asilimia ya kileo. Moscato d'Asti ya Piemonte, Italia, huwa kwenye 5 hivi, maana mvinyo hupozwa ili chachu isimame kabla haijamaliza sukari. Ndiyo maana ni tamu na ina mapovu laini. Ukikuta 15 au zaidi, hiyo imeongezwa pombe kali ili utamu ubaki, kama Muscat de Beaumes-de-Venise ya Ufaransa, au Hanepoot nyingi za Afrika Kusini. Hanepoot ni jina la Kiafrikana la zabibu ya Muscat ya Alexandria. Kwenye 12 au 13, hasa ya Alsace, Ufaransa, mara nyingi ni kavu, yaani haina utamu.

Shemeji yangu kule South B alijazia wageni Hanepoot kwenye glasi kubwa, akidhani ni ile nyepesi. Saa mbili usiku tulikuwa tunawaitia teksi. Hiyo mimina kidogo, glasi ndogo, baada ya chakula.

Ile ya Asti mimi hunywa baridi kabisa, na mahamri ya iliki. Inunue ikiwa changa. Tazama mwaka kwenye lebo, kwa sababu ikikaa sana ile harufu hufifia.