Kabla hujajizungushia futi kamba kiunoni

Kwanza sahau saizi ya suruali. Mjomba wangu anavaa 36 toka niko shule ya msingi na ukimuuliza kiuno ndo jibu lake hilo hilo, kumbe mkanda anaufunga chini ya kitambi, siku tulompima vizuri ikasoma sentimita 109. Inchi 36 ni kama sentimita 91 tu, yaani suruali ilikua inamficha sentimita 18 nzima.

Futi kamba ya fundi cherehani inatosha, ila zile za zamani zinavutika, ilaze kwenye rula uone kama mistari inalingana. Pima asubuhi kabla ya chai, umeshakojoa, tumbo wazi. Mjamzito hii sio yako kwa sasa.

Wengi wanakosea sehemu ya kupima. Papasa ubavuni mpaka uupate ubavu wa mwisho kule chini, weka alama ya kalamu, shuka mpaka uguse juu ya mfupa wa nyonga, weka alama nyingine, af katikati ya hizo alama ndo futi ipite, WHO, shirika la afya duniani, ndo wanavyoelekeza hivyo. Usifuate kitovu, kitambi kikilegea nacho kinashuka. Miguu pamoja, mikono pembeni, mtu akuangalizie mgongoni isije ikapanda, iguse ngozi bila kuminya, we pumua kawaida na msome pale unapomaliza kutoa pumzi. Tafadhali usivute tumbo ndani, najua linaingia lenyewe ukiona futi, ila hapo unajinyima taarifa unayoihitaji. Pima mara mbili, zikipishana zaidi ya sentimita 1 rudia zote.

Namba nazo zijue mapema usije ukabaki unakodoa macho: mwanamke akizidi sentimita 80 hatari imeanza kupanda, akizidi 88 imepanda sana, mwanaume ni 94 na 102. Na kiuno kisizidi nusu ya urefu wako, mwenye sentimita 160 mwisho wake 80. Mizani haikwambii haya kwasababu inakupa kilo tu, haikuonyeshi mafuta yamekaa wapi, na yale yanayojazana ndani kuzunguka ini na utumbo ndo yanayoleta sukari, presha na moyo, hata kwa mtu ambae mikono na miguu yake ni myembamba kabisa.

La mwisho, panga kabla ya kupima kwamba ikizidi utafanya nini, mana ukisubiri namba itoke utaanza kujitetea. Mjomba tulikubaliana nae mapema, ikipita 102 Jumatatu anaenda kituo cha afya kupima presha na sukari. Akaenda bila kula kitu, sukari ikasoma 8.1 wakati kuanzia 7 tu wanakuhesabia kisukari, na dalili hakua nayo hata moja, wakamwambia arudi siku nyingine wahakikishe.