Jinsi ya kuongoza somo la vita na amani kwenye jumuiya

Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ya Kanisa Katoliki huku Missenyi, mkoani Kagera, upande ambao majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978. Huku kwetu ukitaja vita umemtaja kaka wa mtu, au mume wa mtu. Viongozi wenzangu wengi hulikwepa somo hili, nami naliona ni la lazima.

Kabla ya siku ya jumuiya, wapitie nyumbani kwao walioiona vita ile: askari mstaafu, mjane, mzee aliyekimbia akauvuka Mto Kagera. Waulize kama wako tayari kusema mbele za watu. Asiyetaka usimlazimishe, wala usimtaje kikaoni. Bibi mmoja wa kwetu alikubali kwa sharti kwamba wajukuu zake wawepo, maana hajawahi kuwasimulia. Sharti kama hilo litimize, hata ikibidi kuahirisha wiki.

Siku yenyewe simulizi zisubiri, Maandiko yatangulie. Soma yale yanayovutana, na usiwe na haraka ya kuyapatanisha. Mathayo 26:52, Yesu anamwambia Petro arudishe upanga mahali pake. Luka 3:14, askari wanamwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini, naye hawaambii waache jeshi, anawaambia wasimdhulumu mtu na waridhike na mishahara yao. Kisha Warumi, sura ya 12 kuanzia mstari wa 17, uingie moja kwa moja sura ya 13. Watu hupenda kuanzia 13, kwenye mamlaka na upanga, wakaruka palipoandikwa kwamba adui akiwa na njaa umlishe. Waache wabishane. Ukimtaja Mtakatifu Maximilian, kijana wa Afrika Kaskazini aliyeuawa mwaka 295 kwa kukataa kuandikishwa jeshini, vijana watakuwa na mengi ya kuuliza.

Sasa bandika karatasi ya manila ukutani. Andika masharti matatu ya vita ya haki ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu wa Kanisa wa zamani: vita itangazwe na mwenye mamlaka halali, iwe na sababu ya haki, na iwe na nia njema. Ongeza ya Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, ibara ya 2309: madhara anayoleta mchokozi yawe mazito, ya kudumu na ya hakika, njia nyingine zote ziwe zimeshindikana, yawepo matumaini ya kweli ya kufanikiwa, na silaha zisilete maovu makubwa kuliko yale yanayoondolewa.

Hapo ndipo umwite mzee mmoja akariri maneno ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978. Wazee wanayajua kwa moyo: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Mwambie kijana ayatafute kwenye karatasi. Sababu ataiona, nia ataiona, na uwezo atauona kwenye yale matumaini ya kufanikiwa. Mwalimu alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila siku, na kwangu mimi vita ile ilikuwa ya haki: ardhi ilivamiwa, Amin akatangaza kuwa ni yake, watu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa Uganda.

Lakini usiishie hapo, maana ukiishia hapo umefanya mkutano wa kujisifu. Rudi kwenye sharti la mwisho uulize habari za Mutukula. Januari 1979 askari wetu waliuteka mji huo upande wa Uganda, wakaubomoa kulipiza kisasi. Mwalimu alipojua ilivyokuwa alisikitika mno, akaamuru raia wa Uganda na mali zao wasiguswe tena. Uliza jumuiya: nia iliyokuwa njema Novemba, ilikuwa wapi siku ile? Kwetu kilifuata kimya kirefu, kisha askari mstaafu akasema, "Tulikuwa tumeona maiti za kwetu Kyaka." Mwache aseme mpaka amalize. Usimhukumu, usimtetee, na usimruhusu mtu yeyote kumkatiza kwa mstari wa Biblia.

Atatokea wa kusema vita ile ilikuwa ya Wakristo na Waislamu kwa sababu Amin alikuwa Mwislamu. Kata mara moja. Waislamu walipigana na kufa ndani ya jeshi letu, na Waganda wa dini zote waliteswa na Amin. Kweli, alimuua Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana Februari 1977, ila Luwum alikufa kwa kupinga mauaji ya watu, wakiwemo wasio wa kanisa lake.

Kwenye maombi ya waamini, waombeeni marehemu wa pande zote, askari wa Amin na Walibya waliokuja kumsaidia wakiwemo. Wengine hawataitikia. Usirudie ombi ili kuwalazimisha, ila usiliondoe.

Wiki inayofuata soma nao barua ya Papa Fransisko ya mwaka 2020, *Fratelli Tutti*, ibara ya 258, anaposema kwamba siku hizi ni vigumu mno kuzungumzia vita ya haki. Iacheni karatasi ya manila ukutani, mtaihitaji.