Kusaka Lisp ya kompyuta za zamani ukiwa na bando la wasiwasi

Juzi kaingia kijana dukani kwangu hapa Maweni, Malindi, kaja kubadilisha kioo cha simu, macho yakaenda kwa rafu ya juu akaniuliza, ami, hilo dude linawaka kweli? Hilo dude ni Olivetti M24, nilipewa na mlinzi wa nyumba moja ya Mtaliano aliyerudi kwao jumla, prosesa yake ni 8086 na MS-DOS yake bado imo. Inawaka. Draivu ya flopi tu ndo imekufa, chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Nikamwambia mimi hapo nataka nitie Lisp, akacheka, akaniuliza Lisp ni nini (ni lugha ya kuandikia programu, ile ya mabano mengi), na Lisp gani ya kompyuta mzee kama hiyo utaipata wapi. Basi hii naiandika kwa ajili yake na yeyote mwenye mashine ya zamani, au hata hana mashine ila ana hamu, kwa sababu Lisp za zamani zipo tele, shida ni kwamba watu wanazisaka vibaya.

Kosa la kwanza, na mimi nimelifanya wiki nzima, ni kuandika "Lisp" peke yake kwenye gugo. Kwa Kiingereza lisp ni kitembe, kwa hivo utaletewa madaktari wa kitembe. Wallahi, ukurasa mzima wa watoto wasioweza kusema s. Alafu ukiongeza neno "old" unaletewa mabishano ya watu kuhusu mabano. Usianze na lugha, anza na mashine: ni mashine gani, prosesa gani, memori ngapi, na inasoma nini, kaseti, flopi au romu (chipu yenye programu ndani). Ukishajua hayo ndo unaunganisha jina la mashine na neno Lisp, "Apple II Lisp", "BBC Micro Lisp", "CP/M Lisp" (CP/M ni mfumo wa kabla ya DOS), hapo mambo yanafunguka.

Na ujue jambo moja ambalo sisi watu wa mwambao tunalielewa haraka kuliko wengine. Lisp si moja, ina lahaja. Mimi ni Mwamu, nyumbani tunasema mato na ndoo, nikija Malindi naambiwa macho na njoo, lugha ni ile ile lakini ukikosea mtu anakutazama tu. Lisp ni hivo hivo. Kuunda kazi mpya moja inataka DEFUN, nyingine DE, nyingine DEFINE, moja inajumlisha kwa alama ya + nyingine inataka uandike PLUS. Ya zamani kabisa zile, LISP 1.5 ya IBM 7090 ambayo kitabu chake kilitoka MIT 1962, hata haikutaka uandike vile tunavoandika sasa. Leo unaandika (CAR '(CHANGU TAFI PWEZA)), yaani nipe cha kwanza kwenye orodha, unapata CHANGU, lakini kwa ile ya 1.5 jina la kazi linakaa nje ya mabano, yaani CAR ((CHANGU TAFI PWEZA)), ukiandika kileo inakutapikia makosa na wewe unadhani faili ni mbovu. Faili ni zima, ni wewe unaongea Kiamu sokoni Nairobi.

Kwa hivo ushauri wangu mkubwa ni huu, tafuta kitabu cha maelekezo KABLA ya programu. Watu wanafanya kinyume, wanashusha programu kumi alafu hawajui hata moja inaanzaje. Kitabu kitakwambia jina kamili la programu, toleo, inataka memori ngapi, mafaili gani lazima yakae pamoja, unaianzisha kwa neno gani na unatoka kwa neno gani, na ukishakuwa na jina kamili na mwaka ndo unarudi kusaka faili lenyewe, unalipata kwa dakika. Vitabu viko wapi? Bitsavers wameskani vitabu vya kampuni za zamani kwa maelfu. Internet Archive nayo ina vitabu na flopi zenyewe. Na Computer History Museum kule California wana mkusanyiko wao wa historia ya Lisp, umepangwa kwa mashine na kwa lahaja, ndani kuna kodi (maandishi ya programu yenyewe), vitabu na makala za tangu enzi za John McCarthy alipoianza 1958. Mimi ningeanza na huo, ndo ramani.

Sasa habari ya bando. Inachekesha lakini Lisp yenyewe ni nyepesi kuliko picha ya harusi mtu anayokutumia WhatsApp. Flopi nzima ya Apple II ni kilobaiti 140. Ya PC za mwanzo ni 360. Kinachokumaliza ni kitabu, ile PDF ya kuskaniwa inaweza kuwa megabaiti makumi na unakaa hapo unangoja kama anayengoja maji yajae jahazi lielee. Kwa Internet Archive angalia kama kuna toleo la maandishi matupu, ni chafu kidogo, mabano mengine yamesomwa vibaya, ila linakula kidogo sana na unaweza kutafuta neno ndani. PDF ishushe usiku, kurasa za mifano tu ndo utazihitaji.

Tukiwa kwa PC kama Olivetti yangu, kuna mbili za kuangalia. XLISP ya David Betz, toleo la 2.0 la 1988 lilisambaa sana kwa sababu aliitoa na kodi yake watu waitumie bure kama si biashara, utaikuta kwenye mikusanyiko ya zamani ya programu za DOS. Hakikisha faili la INIT.LSP liko folda moja na XLISP.EXE maana ndo anachosoma kwanza akiamka. Halafu muLISP ya Soft Warehouse, kampuni ya Honolulu, hii ilianza kwa mashine za CP/M ikaja DOS na Microsoft pia waliiuza. Hapa kuna mtego wa jina: "mu" wengine wameiandika kwa herufi ya Kigiriki na wengine kwa u peke yake, na ukiandika uLisp unapelekwa kwa Lisp mpya kabisa ya Arduino, zile bodi ndogo za elektroniki. Nzuri sana hiyo, lakini siyo. Ajabu yake ni kwamba aliyeitengeneza hiyo ya Arduino, David Johnson-Davies, ni mmoja wa walioanzisha Acornsoft, kampuni ya programu iliyouza Lisp ya BBC Micro miaka ya themanini. Mtu na ugonjwa wake.

Na kama una jamaa anayechora ramani za nyumba kwa AutoCAD, yule ana Lisp tayari na pengine hajui. AutoLISP imo humo tangu 1986 na ilitoka kwa XLISP hiyo hiyo.

Huna mashine? Hakuna shida, hata mimi saa hii natumia emuleta, programu inayoiga mashine ya zamani, kwa laptopu mpaka nipate draivu. Kwa DOS ni DOSBox, weka mafaili kwa folda moja, tuseme lisp, alafu andika mount c c:\lisp, enta, c: enta, xlisp enta. Ikikupa alama ya > umefika, jaribu (car '(changu tafi pweza)) ikujibu CHANGU, alafu cdr, yaani zinazobaki, ikujibu (TAFI PWEZA). BBC Micro ndo rahisi kuliko zote, jsbeeb inafunguka ndani ya brauza bila kuweka kitu, na Lisp ya Acornsoft ikiwa ya romu unaiita kwa *LISP, inakuuliza Evaluate na wewe unajibu. Mashine ilikuwa na memori ya kilobaiti 32 tu hiyo, stiki ya WhatsApp inaweza kuijaza.

Angalia mkia wa faili usipoteze muda kama mimi. Nilishusha faili la .dsk nikahangaika nalo kwa DOSBox siku tatu nikitukana kila mtu, kumbe ni la Apple II, linataka AppleWin. BBC ni .ssd, Commodore 64 ni .d64, Atari ni .atr, Spectrum ni .tap au .tzx. PC mara nyingi ni .img au zipu tu.

Ukikosa kabisa Lisp ya mashine yako jaribu Logo. Watu wanaona ni mchezo wa kobe wa watoto lakini Logo ni mtoto wa Lisp wa 1967, ina orodha zote zile, badala ya CAR unaandika FIRST na badala ya CDR ni BUTFIRST, na ilitoka kwa karibu kila kompyuta ya nyumbani.

Zile kubwa za vyuo nazo zipo, ila zinataka subira. Emuleta ya SIMH inaendesha PDP-1, ambayo Lisp yake aliiandika L Peter Deutsch akiwa bado kijana wa shule, na inaendesha VAX na mashine za ukoo wa IBM 7090 pia. Kwa PDP-10 yenye Maclisp, lahaja ya MIT, kuna watu wamefufua mfumo mzima wa ITS wa MIT na kodi iko GitHub. Interlisp ya Xerox imefunguliwa kabisa kwa jina la Medley, inafanya kazi kwa Linux, Mac na Windows, na kwa maoni yangu ndo ya kwanza kujaribu kati ya hizi kubwa maana ina madirisha na mausi. Genera, mfumo wa mashine za Lisp za Symbolics, ni nzuri lakini ina wenyewe, usichukue kopi za vichochoroni.

Ukipata, usiache jina la faili kama lilivokuja, maana DISK1 ziko mia. Mimi naandika mashine, lahaja, mwaka, alafu natia na kitabu chake humo humo kwa flashi mbili. Moja iko dukani, ya pili iko kwa mama Lamu, kabatini ndani ya mkebe wa halua, chumvi ya huko ni hii hii lakini mkebe unafunga.