Makazi ya kinyonga kibete: tangi, joto, maji na chakula

Maelezo haya ni ya kinyonga kibete mwenye ndevu (Rieppeleon brevicaudatus), mkazi wa majani makavu ya misitu ya mashariki mwa Tanzania, Usambara na Uluguru zikiwemo. Aliyekomaa huwa na sentimita 5 hadi 8 tu. Tafadhali usimwokote msituni. Yumo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe pori, tangu 2017. Chukua aliyezalishwa kizimbani, mwenye hati.

1. Tangi. Kioo, sentimita 45 kila upande, linatosha dume na jike. Madume wawili hapana. Juu weka wavu, chini mbele uwepo upenyo wa hewa.

2. Sakafu. Tandaza kokoto sentimita 4, juu yake wavu wa dirishani, kisha sentimita 8 hadi 10 za udongo usio na mbolea uliochanganywa na makumbi laini ya nazi. Ufinye kiganjani: ushikamane bila kudondosha maji. Funika kwa majani makavu. Usipunguze kina, jike huchimba humo kutaga. Akikosa pa kuchimba mayai hukwama tumboni, naye hufa.

3. Vijiti. Chomeka vijiti vyembamba vingi. Mchana hujificha majanini; usiku hupanda ncha ya kijiti kulala, rangi imepauka. Mkague wakati huo kwa tochi, bila kumshika.

4. Joto. Hapa ndipo wengi wanawapoteza. Mchana nyuzi 20 hadi 25, usiku zishuke hadi 17 hivi. Zikipita 28 kwa saa kadhaa, anaweza kufa. Kwa hiyo usiweke balbu ya joto. Taa ya LED na ya UVB (mionzi isiyoonekana kama ya jua) hafifu, saa 12 kwa siku, zinatosha. Lushoto chumba cha kawaida kinafaa. Dar es Salaam mwezi Januari, bila kiyoyozi, usianze kabisa.

5. Maji. Hunywa matone yaliyo majanini. Pulizia asubuhi na jioni, katikati majani yakauke. Tangi lililolowa kutwa bila hewa huleta ukungu na maradhi ya mapafu. Macho yakidumbukia, ana kiu: pulizia taratibu dakika kadhaa.

6. Chakula. Nzi wa matunda wasioruka na nyenje wachanga, urefu usiozidi upana wa kichwa chake, watano hadi wanane kwa siku. Wapake unga wa kalsiamu mara mbili tatu kwa wiki. Nyenje waliobaki jioni waondoe, humng'ata akilala.

Ukikuta mayai, yahamishe bila kuyageuza kwenye kikopo chenye udongo uleule, nyuzi 20 hadi 23.