Somo: Ukitaka vasi la seladoni la Longquan, anza na kitako

Wengi wanaoanza kukusanya seladoni, yaani kauri zenye utando wa kijani, hununua kwa rangi. Wanauona ule ukijani mtulivu kama wa jiwe la jedi, basi mfuko unafunguka. Kumbe rangi ndiyo rahisi zaidi kuigwa. Nazungumzia kauri za Longquan, mkoani Zhejiang, China, za enzi za Song hadi Ming (960–1644).

Hatua ya kwanza, lipindue vasi. Tazama ukingo wa kitako, pale udongo ulipoachwa wazi. Udongo wa Longquan una chuma. Moto ulinyimwa hewa ndipo kijani kikapatikana. Tanuri lilipopoa hewa ikaingia, na udongo ulio wazi ukawa mwekundu wa kutu. Wekundu huo haulingani: hapa umekolea, pale umefifia. Mwigaji huupaka kwa brashi. Sugua kwa kitambaa chenye maji. Kikishika rangi, mrudishie mwenyewe. Kitako kikikutia shaka, usiendelee.

Hatua ya pili, chukua kioo cha kukuzia. Ule utando wa kijani, unaong'aa kama kioo juu ya udongo, ulipakwa tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo ndani yake kuna vipovu vidogo vingi vinavyotawanya mwanga. Kisha tafuta uchakavu. Chombo cha karne nyingi huchakaa pale kinapoguswa na mkono na rafu. Kilichopakwa asidi ili kionekane cha kale hufifia kote, hata ndani ya michongo ambako kidole hakifiki.

Hatua ya tatu, mulika ndani kwa tochi. Mavasi makubwa yaliumbwa vipande vipande, hivyo ungio si kasoro. Gundi shingoni ndiyo kasoro.

Mwisho, dai karatasi za umiliki. Tangu 2007 China imepiga marufuku kutoa nchini mambo ya kale ya 1911 na kabla yake. Anayekwambia "limetoka China mwezi uliopita" anauza bandia au magendo.

MASWALI

Mwalimu, nyufa ndogondogo ni dalili ya uzee?
Hapana, dada. Utando ukinywea kuliko udongo wakati wa kupoa, huweza kupasuka siku hiyo hiyo. Wengine huzipaka nyufa chai ili zionekane za kale.

Langu lina muhuri wa Qianlong chini. Ni la Song?
Qianlong, mfalme wa China wa nasaba ya Qing, alitawala 1736–1795, kaka, na Song iliisha 1279. Mihuri ya wafalme wa Qing inahusu zaidi seladoni za Jingdezhen, mji mwingine wa kauri China, nayo imenakiliwa mno. Tuma picha ya kitako.

Shikamoo mwalimu. Nimeokota kigae cha kijani karibu na magofu ya Kilwa. Nakiuzaje?
Marahaba. Usikiuze, mwanangu. Seladoni ilifika kweli pwani yetu, na Tanzania ina sheria ya mambo ya kale tangu 1964. Mwonyeshe mhifadhi wa magofu mahali hasa ulipokiokota, maana kigae kisichojulikana kilipotoka hakimfundishi mtafiti mengi.